Shaba Ndani ya Mafuta

Shemeji yangu Kabeya hakuwahi kufungua boneti bila tai shingoni. Alikuwa karani, na mwaka ule wa 1956 alikuwa karani mwenye gari, Chevrolet kuukuu aliyouziwa na patron wake, bosi wa Kibelgiji. Sikumwonea wivu. Aliinunua kwa ajili ya dada yangu Agnès, aliyempoteza mtoto wa kwanza akipelekwa hospitali juu ya baiskeli, na sasa alikuwa mjamzito tena.

Akaniletea gerejini, akidai kipimo cha presha ya mafuta ya injini kimeharibika. Injini ikiwa baridi mshale ulisimama vizuri. Ikipata moto ulianguka hadi sifuri, na chini kukasikika kugonga. Nikapima mafuta: yalitosha. Nikafunga kipimo kingine kizima: mshale ukaanguka vilevile. Nikashusha karta, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Pampu na chujio havikuwa na kosa, ila mafuta yalimetameta chembe nyekundu. Kusineti, vile vipande laini vinavyoshika mhimili, zilikuwa zimelika mpaka shaba yake inasagika.

"Bulamu, iache hapa," nikamwambia shemeji yangu. "Injini inakufa. Nipe juma moja, nitatia kusineti ya mupya."

Kabeya akacheka. "Ile ni vumbi ya mine! Hapa Musonoi kila kitu iko na shaba: manguo, maji, hata sombe tunakula. Patron mwenyewe aliniambiaka, ukiona shaba mu mafuta, usiogope."

Mafundi wenzangu nao wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, vumbi la mgodi liliingia kila nyumba, sote tulifuta sahani kabla ya kupakua. Lakini nilikasirika.

"Vumbi haigongake. Na patron aliiuzisha juu ya nini, sababu gani?"

"Patron hawezi kunidanganya. Alikuya ku ndoa yetu."

Ndiyo, alikuja. Alikunywa bia moja akaenda zake, na Kabeya amelisimulia jambo hilo kama ziara ya mfalme. Nikamrudishia karta mahali pake, naye akaondoka na gari lake.

Jumapili baada ya misa uchungu ukamshika Agnès. Nilikuwa kwao, nikaingia nyuma ya gari nikamkumbatia. Nikamwambia Kabeya aende polepole, lakini mke analia, nani angekwenda polepole? Tulipofika katikati ya njia ya hospitali ya Kolwezi injini ikapiga kishindo, chuma kikatoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagika barabarani.

Tulimbeba Agnès. Hatukufika mbali. Mtoto alizaliwa kwenye majani, msichana, kitovu kimemzunguka shingo, na sisi wanaume wawili hatukujua la kufanya mpaka akafa. Nililichukia gari lile, nikamchukia Kabeya na tai yake iliyolowa damu. Sijaacha.

Matanga yalipokwisha, Kabeya alikwenda kwa patron wake. Alirudi kifua mbele, akanikuta nimekaa na Agnès.

"Patron anasema gari ilikuwa muzima mpaka siku weye ulifungula injini. Ni weye uliiharibisha."

Nilimgeukia dada yangu, maana yeye alikuwa ndani ya gari lile na alinisikia nikimwonya mumewe, na nilijua atamfunga mdomo mumewe.

Agnès akanitazama mimi, kaka yake. "Yaya," akasema, "uliifungula juu ya nini?"