Ndege ya Crouse na Shemasi Gathings

Hapana, usimwite mfitini. Hilo neno silitaki. Cleophus Gathings alikuwa mtu wa wasiwasi tu, na mtu wa wasiwasi ukimpa simu yenye ile ramani ya ndege, basi umemmaliza. Na wiki ile hapa Bascomb kila mtu alikuwa nayo. Kinyozi anayo, mchungaji anayo, hata yule mama wa kambare wa kukaanga pale kona, mikono imejaa unga, anayo. Si unajua mambo ya Desemba? Kocha mkuu akianza kuzungumziwa na chuo kingine, watu hawamtazami kocha tena. Wanatazama ndege. Ya tajiri gani imeruka, imetua wapi, imekaa muda gani. Ikikaa muda wa kunywa kahawa, hamna kitu. Ikikaa muda wa kula, ujue kuna mtu anahama.

Na ilitakiwa iwe wiki ya furaha, bwana. Korongo wetu wa Bascomb, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu, walikuwa wamefungwa mara mbili tu msimu mzima. Jumapili kamati ingezitaja timu kumi na mbili za mtoano, na hatujawahi kutajwa tangu dunia iumbwe. Lakini kocha Haltom alikuwa anamezewa mate na chuo kimoja kikubwa huko Texas, chuo cha watu wa mafuta, na Haltom mwenyewe akiulizwa anacheka tu. Mtu akicheka badala ya kusema hapana, wewe unaelewa nini?

Sasa Cleophus yalimhusu nini? Yalimhusu sana. Kocha wa safu ya ulinzi, Wendell Purvis, ni mkwewe. Amemuoa Loretha, binti yake wa pekee. Na kazi ya ukocha ndivyo ilivyo, kocha mkuu akiondoka, wasaidizi ama wanaondoka naye, ama anayekuja anawafagia wote na kuleta watu wake. Loretha alishamfuata mume wake Arkansas, akamfuata Kansas, akamfuata Carolina, kila mahali anatundika mapazia na kuyatungua. Halafu, Mungu ni mwema, wakaletwa Bascomb, nyumbani kabisa, mwaka ule ule mama yake Loretha alipofariki. Tangu hapo mjukuu, Junie, akitoka shule anakwenda moja kwa moja jikoni kwa babu yake, anapanda kwenye kiti na viatu vyake, anasimulia kila alichosema mwalimu. Basi. Hicho tu. Cleophus hakuwa na kingine alichokitaka hapa duniani, na hicho ndicho alichoona kinataka kupakiwa kwenye lori.

Jumatano alikuwa kwa Lucius, kinyozi. Na kwa Lucius wiki ile hakuna aliyenyolewa, walikuwa wanapanga mtoano tu.

"Tunaingia namba tisa," Lucius anasema, mkasi hewani.

"Namba tisa wapi?" anasema Amos Tate, rafiki yake Cleophus tangu utoto. "Kamati inaangalia majina makubwa. Sisi watatuweka mlangoni kama mbwa wa jirani."

"Na tuzo ya mlinzi bora wakimnyima kijana wetu Tavaris Odom, mimi nafunga duka hili."

"Duka lenyewe lina mteja gani, Lucius? Mimi hapa kipara."

Watu wakacheka. Halafu Amos akatazama simu yake, kicheko kikamkauka. "Oya. Ndege ya Crouse imeruka."

Crouse ndiye mwenye mabwawa ya kambare, na ndiye mfadhili wa timu, hakuna kocha aliyekuja wala kuondoka Bascomb bila ndege ya Crouse kumbeba. Wote wakakusanyika kwenye kile kioo kidogo cha simu. Kile kindege kikawa kinatambaa kuelekea magharibi kama mende ukutani.

"Magharibi kuna nini?" Lucius akauliza, ingawa kila mtu anajua magharibi kuna nini.

"Shemasi," Amos akasema polepole, "mkwe wako yuko wapi leo?"

"Meridian," Cleophus akajibu. "Kuna kijana wa sekondari anamfuatilia, wanataka kumsajili."

"Mh," akasema Amos. "Meridian."

Hiyo "mh" ndiyo iliyoharibu kila kitu. Angesema neno zima, labda Cleophus angekwenda zake nyumbani kulala.

Badala yake alishinda anatazama kile kindege kwenye simu, na mchana kilipoanza kurudi, akawasha gari akaenda kiwanja cha ndege. Kule uzioni watu wameshafika na viti vyao vya kukunja na chupa za chai baridi, kama wamekuja pikiniki. Yeye hakutaka kuonwa, shemasi mzima. Akaegesha nyuma ya ghala la mahindi, akashusha kofia. Na kitu cha kwanza alichokiona, upande wa ndani wa uzio, mbali na wale wa vitini, ni pikapu ya kijivu. Ya Wendell. Hakuna pikapu nyingine ya kijivu Bascomb yenye kiti cha mtoto nyuma.

Hii ndiyo Meridian?

Ndege ikatua. Akashuka Crouse mwenyewe, na nyuma yake mtu mrefu, koti jeusi, kofia nyeusi, miwani. Hana rangi ya timu yoyote. Sasa wewe niambie, Mississippi, mwezi wa Desemba, mtu mzima hajavaa rangi ya timu yoyote, huyo si ana jambo analificha? Wendell akatoka garini, akamshika mkono yule mtu kwa mikono yake miwili, wakaingia kwenye pikapu, wakapotea kwa njia ya nyuma.

Cleophus alibaki kule ghalani mpaka mikono ikapata baridi. Kwa hiyo ni kweli, akawaza. Texas wametuma mtu kuwachukua. Haltom na Wendell, wawili kwa mpigo.

Jioni akapita kwa binti yake, eti kuleta mayai.

"Meridian palikuwaje, mwanangu?" akamuuliza Wendell.

"Pazuri tu, Baba." Na Wendell akaangalia friji. Wakati anasema na mkwewe, anaangalia friji!

Cleophus akasema anakwenda chooni. Akapita koridoni, akaona maboksi matatu yamefungwa kwa utepe wa gundi. Simu ya Wendell ikalia, Wendell akatoka nayo akaenda gereji akafunga mlango. Cleophus akaweka sikio, akasikia "ndiyo, kocha" na "familia iko tayari," basi. Na alipogeuka, Junie amesimama nyuma yake.

"Babu, Texas kuna theluji?"

"Nani amekwambia habari za Texas?"

"Shuleni wanasema."

Unaona sasa. Mpaka watoto wa darasa la pili wanajua, yeye ndiye wa mwisho. Akamuuliza Loretha yale maboksi ni ya nini, Loretha akasema, "Nguo za zamani, Baba, za kupeleka kanisani." Akasema haraka mno. Au pengine alisema kawaida, lakini Cleophus wakati huo hata ungemwambia maji yana unyevu angetaka kujua umesikia kwa nani.

Usiku alilala? Hakulala. Na kulipokucha akawa na akili moja, akili ya mtu wa hapa hapa, mtu wa kwingine hawezi kuipata. Si unajua vyuo vikubwa vinavyochukia siri yao ikivuja? Kocha akitangazwa kabla wenyewe hawajamtangaza, wanamwacha, wanachukua mwingine. Tumeona mara ngapi. Basi Cleophus akajiambia, hii siri nikiivujisha mimi, Texas watamwacha Wendell, na Wendell atabaki.

Ijumaa asubuhi, kile kipindi cha mpira redioni cha kupiga simu, akapiga. Akabana pua kidogo.

"Naitwa Earl," akasema. "Mimi mkulima, niko njia ya Macon."

"Karibu, Earl. Una utabiri gani wa Jumapili?"

"Mimi sina utabiri, mimi nina macho. Nimemwona Wendell Purvis kiwanja cha ndege na mtu wa Texas. Anaondoka na Haltom." Halafu, kwa kuwa mtangazaji alinyamaza, na kunyamaza kwa mtangazaji kunavuta maneno, akaongeza chumvi: "Na ameshasaini!"

Akakata simu, moyo unamdunda kama mwizi wa kuku. Akajipongeza.

Jumamosi Haltom akaenda Texas. Kweli kabisa, akatangazwa na mbwembwe zote, picha na kofia mpya. Jina la Wendell halikutajwa. Cleophus akaona mpango wake umefanya kazi, akaenda kununua mfupa wa nguruwe wa kuchemshia mboga.

Jumapili baada ya ibada wakaja kwake wote kula: Loretha, Wendell, Junie, na Amos, ambaye hajawahi kukosa sahani ya mtu. Meza imejaa. Kuku wa kukaanga, mboga za majani, makaroni na jibini, mkate wa mahindi unatoa moshi. Lakini kwanza televisheni. Wakasimama wote sebuleni, kamati ikawa inataja timu moja moja kana kwamba inang'olewa meno. Ya nane siyo. Ya tisa siyo. Ya kumi siyo. Ya kumi na moja: Korongo wa Bascomb!

Amos akaruka akamkanyaga paka. Junie akapiga kelele mpaka vyombo vikalia kabatini. Nje magari yakaanza honi. Na Cleophus alipogeuka kumkumbatia mkwewe, akamwona Wendell amesimama palepale, mikono mfukoni, kama mtu aliyesikia habari za msiba.

"Haya, twendeni mezani," akasema Cleophus, "chakula kinapoa."

"Hakuna anayekaa," akasema Loretha. Ameshika kiti cha baba yake kwa nyuma, mikono yote miwili. "Wendell, mwambie Baba."

Wendell akavuta pumzi. "Baba, Haltom hanichukui. Hajawahi kuniuliza. Na mimi sikutaka aniulize, Loretha amechoka kuhama. Yule mtu wa kwenye ndege ya Crouse anaitwa Stroud, anatoka Ohio, na ndege ilimchukua Dallas alipokuwa njiani. Crouse alishajua Haltom anaondoka, na Stroud ndiye anayekuja kuwa kocha mkuu hapa. Niliambiwa nisimwambie mtu, hata wewe. Nilimpokea, nikamwonyesha video za vijana wangu, nikamwambia familia iko tayari kukaa. Akaniambia atanibakiza."

"Sasa si vizuri?" Cleophus akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshaanza kutafuta mlango wa kutokea.

"Ijumaa kuna mtu anaitwa Earl alipiga simu redioni, akasema nimeshasaini Texas. Tangu Ijumaa Stroud hapokei simu zangu. Anadhani nilimfanya mjinga. Sasa Texas sina, hapa sina. Mwezi wa kwanza sijui tutakuwa jimbo gani."

Nje honi zinalia. Loretha hamtazami mume wake, anamtazama baba yake tu, na Cleophus akajua binti anajua. Loretha alimsikia redioni, ndani ya gari, akienda kazini, na siku mbili zote amemsubiri aseme mwenyewe.

"Earl ni mimi," akasema Cleophus.

"Nini?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilikuona kule kiwanja cha ndege. Nikadhani unawapeleka Loretha na Junie Texas."

Wendell akamgeukia Amos, kwa kukosa mtu mwingine wa kumgeukia. Amos akakuna kidevu. "Sisi tulijua, kocha. Kanisa zima linajua. Sauti ile ile inayofunga maombi kila Jumapili, ameibana pua tu."

"Kanisa zima?"

"Wewe unashinda uwanjani. Nani angekwambia?"

Wendell, mtu mkubwa yule, shingo kama gogo, na macho yamemwiva. "Ungeniuliza, Baba," akasema. "Mara moja tu. Ungeniuliza."

"Nilikuuliza habari za Meridian."

"Haya," akasema Wendell. "Hapo na mimi nilidanganya."

Cleophus akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Nipigie huyo Stroud."

"Hapokei."

"Basi nipe namba, nitampigia kwa yangu. Mimi hanijui."

Akapiga palepale, wamemzunguka, mkate unapoa. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Bwana Stroud? Hunijui. Mimi ni Earl, yule wa redioni. Jina langu hasa ni Cleophus Gathings, na Wendell Purvis ni mkwe wangu. Hajasaini kitu. Ile ya kusaini niliitunga mimi, kwa sababu sikutaka mjukuu wangu... ndiyo. Ndiyo bwana. Hapana, sikumwambia. Nilikuwa nyuma ya ghala. Ya mahindi, ndiyo." Akasikiliza sana. Uso ukamwiva. "Anasema nikupe wewe."

Wendell akatoka na simu uani. Na Cleophus akasimama dirishani, pazia kalishika kwa vidole viwili, anamchungulia. Wendell akiinamisha kichwa, Cleophus anasema moyoni, amefukuzwa. Akiinua mkono, anasema, sasa wanagombana. Hata mara moja Wendell alicheka, na hicho kicheko nacho Cleophus akakishuku.

"Baba, toka dirishani," Loretha akasema.

"Natazama gari zinazopita."

Wendell akarudi, akajipangusa miguu mlangoni taratibu kana kwamba hakuna anayemsubiri.

"Anasema nibaki mpaka mtoano uishe. Baada ya hapo tutaona."

"Tutaona maana yake nini?" Cleophus akauliza haraka.

"Maana yake tutaona, Baba."

"Lakini alisemaje, alisema kwa sauti gani?"

"Baba!" Loretha akasema, halafu akaachia kile kiti. Akakivuta nyuma, akakigonga kidogo kwa kiganja, kama anavyomfanyia Junie. Cleophus akakaa. Wendell akakaa pembeni yake, siyo kule mwisho anakokaa siku zote, ingawa hakumtazama. Amos akasema leo yeye ndiye ataomba, ili Earl apumzishe sauti, na Junie akacheka bila kujua anacheka nini. Wakainamisha vichwa. Amos akaomba fupi, kwa sababu ya njaa, na Wendell akamsogezea mkwewe bakuli la mboga, wakaanza kula.