Bata Bukini Asiyesema

Katika kitabu cha Edith Tapsell, bata bukini Prudence hasemi neno hata moja. Mbweha anamtukana, jogoo anambembeleza, mvua inamnyeshea. Yeye kimya, mpaka wote wanachoka na kwenda zao. Waingereza wengi wamekua na kitabu hicho kitandani.

Edith alipofariki, haki za kitabu zilibaki kwa wanawe wawili pale katika mji wa Ludlow: Rosamund, mwalimu mstaafu, na mdogo wake Clement, ambaye paa lake lilivuja kila msimu. Ndipo akaja Julian Crabbe kutoka London, wakala wa kampuni ya katuni, amevaa viatu bila soksi katikati ya baridi ya Januari.

"Filamu imeshaandikwa, Bi Tapsell," alisema. "Prudence anaimba nyimbo tisa."

"Anaimba?"

"Ana mengi moyoni. Alinyamaza kwa sababu ya majeraha ya utotoni."

"Alinyamaza kwa sababu mbweha alikuwa anaropoka."

Clement akamkanyaga dada yake mguu chini ya meza. Rosamund akavuta pumzi, akaruhusu nyimbo mbili.

Zikaja bidhaa. Miswaki, sawa. Soksi, sawa. Saa ya kuamshia yenye sauti ya Prudence, ambaye hana sauti. Nayo ikapita kwa shingo upande. Kisha Julian akatandaza juu ya sofa duveti nyeupe, shuka nene la kujifunikia, yenye uso wa Prudence.

Rosamund akaipapasa. "Laini kweli. Ndani mmejaza nini?"

"Vitu vya asili."

"Asili ya nani?"

Julian akatazama dirishani. "Manyoya ya bata bukini."

Clement akaacha kutafuna keki.

"Yaani mtoto ajifunike Prudence," Rosamund akasema polepole, "aliyejazwa jamaa zake?"

"Yamenyonyolewa kwa upole, mama."

"Kwa upole! Wewe uliwauliza?"

Julian akatoka bustanini kupiga simu. Aliporudi, uso ulikuwa unang'aa.

"Mambo yamekwisha! Wakubwa wamekubali kubadilisha."

"Duveti?"

"Aa, duveti zimeshashonwa, ziko ghalani. Tunabadilisha ndege. Prudence atakuwa pengwini."

Rosamund alifungua kinywa, lakini aliyesimama ni Clement.

"Bwana mdogo, mimi sikusema neno mpaka nilipofika miaka sita. Mtaani waliniita bubu, wakanitupia mawe. Mama akaniandikia bata anayenyamaza na kushinda. Huyo bata ni mimi. Sasa kunja shuka lako uende."

"Tafadhali, Bwana Tapsell, fikiria lile paa..."

"Acha livuje!"

Rosamund alimtazama mdogo wake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Julian alikunja duveti vibaya, akaondoka nayo kwapani.

Kampuni haikukata tamaa. Ilitoa filamu ya pengwini wake yenyewe, mwenye jina lingine na nyimbo kumi na moja, na kumbi zilijaa. Clement alinunua ndoo ya pili ya kukingia maji ya paa.

Mwaka uliofuata kikundi cha wachezesha vikaragosi kutoka mji wa Shrewsbury kiliomba ruhusa ya kuigiza kitabu hicho, na ndugu hao wakakipa bila kusita. Siku ya kwanza walikaa safu ya mbele. Prudence wa mbao na kitambaa alisimama jukwaani, mbweha akimzunguka na kumsimanga, hadi mtoto mmoja akashindwa kuvumilia.

"Mwache!" akapiga kelele. "Hataki kuongea na wewe!"

Rosamund alipogeuka, Clement alikuwa analia waziwazi, wala hajifuti.