Debe Mia Tatu

Jedidah alikuwa mwoga. Tuseme hivyo mapema, usije ukadhani hapa tunamsimulia shujaa. Alimwogopa Mwalimu Ongeri, aliogopa hesabu za asilimia, aliogopa hata ubao kabla haujaandikwa kitu. Lakini kuliko vyote alimwogopa Willis, na Willis alikuwa mbali, kisiwani Remba, akingoja giza.

Hili la giza lazima nilieleze. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi huwasha karabai majini, omena ikaifuata taa, nao wakaizungushia wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi. Mashua hukaa ufuoni siku kumi na mbili hivi, wanaume wakishona nyavu na kulewa. Kwa hiyo mwanamke wa Remba anayeuza omena ana likizo ambayo hakuiomba, apende asipende.

Mwaka ule wa tisini na sita, Jedidah aliitumia likizo yake kwenda Migori kusomea mtihani. Chuo kimoja cha biashara cha Kisumu kilikuwa kimetangaza nafasi mbili za kusomeshwa bure kwa watu wa mwambao wa ziwa, wenye cheti cha kidato cha nne na umri usiofika miaka thelathini. Cheti alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya Biblia. Miaka thelathini angeitimiza Desemba. Mwaka uliofuata wasingempokelea hata fomu.

Na Willis je? Willis alikuwa na mashua tano. Remba, mwanamke asiye na mume hapati omena kwa pesa peke yake. Huipata kwa mwenye mashua ambaye amekuwa mtu wake. Mtu huyo huitwa jaboya, na hakuna asiyelijua neno hilo kisiwani, ingawa halitamkwi mbele ya mchungaji. Mume wa Jedidah alikwenda Mwanza mwaka wa tisini na mbili, hakuleta hata salamu. Tangu hapo Jedidah alinunua kwa mzee mmoja mcha Mungu ambaye hakutaka kwake chochote zaidi ya bei. Mzee akafariki Mei, na mashua zake mbili zikachukuliwa na Willis.

Willis alikuwa mpole, mtu wa tabasamu. Alikuwa pia amekwisha kuzika wanawake wawili, waliokonda kwa ugonjwa usiotajwa mpaka wakabaki macho matupu. Mmoja wao, Akeyo, alikuwa ameahidi lori la Nakuru magunia ambayo ziwa halikumpa. Lori lilipofika na magunia hayakutosha, alikimbilia kwa Willis, naye Willis akamjazia.

"Mimi sina haraka," Willis alimwambia Jedidah. "Nasikia unasomea mtihani. Soma, mama. Mpaka siku hiyo nitakuuzia kwa pesa tu. Ukipita, nenda salama. Usipopita, giza litakalofuata utakuja kuchukua omena kwangu kama wenzako wanavyochukua. Au utafute mashua nyingine, uone kama iko."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Jedidah. Mtu mwenye hasira unaweza kungoja zimpoe. Huyu alikuwa amepoa tayari.

Omena aliyoinunua aligawana na Linet, mwenzake wa kuanikia. Linet alikuwa na miaka ishirini na mbili, mjane mwenye mtoto mgongoni na mdomo usiolala. Hakuwa na mashua ya kumwuzia, kwa hiyo alikula chini ya kivuli cha Jedidah. Wakitandaza omena juu ya nyavu kuukuu alikuwa akimtania, "Ukiwa meneja utanitambua kweli? Au utaniambia nije wiki ijayo?"

Kozi ya matayarisho ilifanyika Suna, pale Migori, kwenye ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati. Mvua ikinyesha, Mwalimu Ongeri aliacha kusema akawa anafundisha kwa mikono. Alikuwa mstaafu aliyefundisha biashara miaka ishirini na saba, mwenye rula ndefu ambayo hakumpiga nayo mtu, lakini aliipiga meza mpaka chaki zikaruka. Jedidah alilala kwa shangazi yake, asubuhi akauza sokoni, alasiri akaketi safu ya mwisho, karibu na mlango. Mbalamwezi ikipungua, alirudi kisiwani. Yote yaliyofundishwa wakati wa giza yalimpita. Asilimia ilianza na kwisha yeye akiwa Remba, mikono imejaa magamba.

Wiki ya mwisho Ongeri aliwafanyisha mahojiano ya majaribio.

"Baada ya karatasi mtaitwa mbele ya jopo," alisema. "Jopo halitaki hadithi. Linataka mtu anayejibu upesi na kusema ndiyo. Haya. Mashua moja inaleta omena debe kumi kwa usiku. Baada ya siku thelathini umepata ngapi? Jedidah, wewe wa ziwani."

Jedidah alisimama. "Debe mia na themanini, Mwalimu."

"Ngapi?"

"Mia na themanini. Siku kumi na mbili mbalamwezi huwa kali, hawaingii ziwani."

Darasa likaangua kicheko. Maroa, kijana Mkuria aliyekuwa karani wa duka la mbolea na aliyependa mzaha kuliko chakula, alipiga dawati. "Kumbe omena iko na likizo! Wallahi, hata mimi nataka kuajiriwa huko!"

Ongeri hakucheka. Alikuja na rula yake mpaka safu ya mwisho.

"Swali limesema siku thelathini. Kumi mara thelathini ni ngapi?"

"Mia tatu."

"Basi usituletee ziwa darasani. Ukiwapelekea watu wa Kisumu habari za mbalamwezi watakuona mshamba, na utarudi kule ulikotoka."

Utarudi kule ulikotoka. Hakujua alichokisema, maskini, lakini Jedidah alimwona Willis amesimama nyuma ya rula ile akitabasamu. Aliketi, akaandika *mia tatu* kwenye daftari, akapigia mstari mara mbili. Usiku, kwa shangazi, alijifunza kulisema jibu hilo mpaka ulimi ukazoea.

Mtihani ulifanyika Homa Bay, Alhamisi, katika shule moja ya msingi. Linet alikuja naye, amebeba gunia la omena kichwani la kuuza sokoni, mtoto mgongoni. Asubuhi ile mwezi ulikuwa umebaki nusu, mweupe, umening'inia upande wa ziwa jua likiwa limekwisha toka. Jedidah aliutazama, akahesabu kwa vidole.

"Jumatatu wanaingia majini," alisema.

"Acha kuhesabu usiku, dada. Leo hesabu zako ziko kwenye karatasi," Linet akamwambia. Alimfuta tope kwenye kiatu kwa ncha ya leso yake, akaenda zake sokoni.

Karatasi ilikuwa na asilimia. Jamani, asilimia! Maswali sita mfululizo. Jedidah alijaribu manne, mawili akayaacha meupe, jasho likidondoka mpaka likamfutia namba aliyokuwa na hakika nayo. Alipotoka, alijua kwamba karatasi haitambeba. Yalibaki mahojiano tu.

Jopo lilikuwa na watu watatu katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kikisii aliyeitwa Mellen Bichage, mwenye miwani iliyofungwa kamba na kalamu ambayo haikutulia. Hakumwuliza Jedidah habari za nyumbani wala kumkaribisha chai.

"Kiwanda cha chakula cha kuku kinataka omena debe mia tatu kila siku thelathini, mwaka mzima, bila kukosa," alisema. "Una mashua moja. Kwa usiku mmoja inaleta debe kumi. Mkataba huu hapa mezani. Utatia sahihi?"

Karatasi ilikuwepo kweli, imepigwa taipu, na pembeni yake kalamu.

Jedidah aliliona jibu la kweli. Aliliona kama anavyouona mlango wa nyumba yake. Lakini woga ulikuwa umetangulia, na ulimi ulikuwa umezoea.

"Ndiyo, madam," alisema upesi. "Kumi mara thelathini ni mia tatu. Nitatia sahihi."

Akatia. Mama Mellen aliandika neno moja, fupi sana. "Asante. Unaweza kwenda."

Nje, wenzake walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa varanda. Maroa alikuwa ametoka kabla yake, anachekelea. "Umesaini? Hata mimi nimesaini! Sote tumesaini! Mwalimu Ongeri ni nabii, bwana."

Jedidah hakuweza kucheka. Alishika nguzo. Aliiona Januari, omena haipo, mashua zimelala mchangani chini ya mbalamwezi, na lori la kiwanda limesimama ufuoni likingoja debe mia na ishirini ambazo hakuna mtu duniani angeweza kuzitoa majini. Na sahihi yake iko juu ya karatasi. Angekwenda wapi? Akeyo alikwenda wapi? Alikuwa amemkimbia Willis miezi mitatu, amevuka maji, amelala sakafuni kwa shangazi, na leo ameingia ofisini mwa watu akatia sahihi karatasi inayomrudisha kwake.

Ndani alikuwa ameingia mtahiniwa mwingine. Kurudi kulikuwa kukosa adabu, labda kufutwa kabisa. Jedidah aliogopa mlango, lakini safari hii aliogopa zaidi kile alichokwisha kukisema. Akabisha. Akaingia bila kungoja.

"Mama, tuna mtu," alisema mmoja wa wale wanaume.

"Nimejibu uongo," Jedidah alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikaza. "Siwezi kutia sahihi. Mbalamwezi ikiwa kali omena haivuliwi, siku kumi na mbili nzima. Nitapata mia na themanini, na ziwa likichafuka hata hizo sizipati. Madam, mwanamke akitia sahihi hii, lori likija na hana, atakwenda usiku kwa mwenye mashua kuomba za kujazia. Na mwenye mashua ana bei yake. Mimi naijua hiyo bei. Nimezika wenzangu kwa hiyo bei."

Yule mtahiniwa kitini alitazama viatu vyake.

Mama Mellen alivua miwani. "Nani alikufundisha lile jibu la kwanza?"

Jedidah alimfikiria Ongeri, rula na yote. "Niliogopa tu, madam."

"Kiwanda bado kinataka omena. Ungekiambia nini?"

"Ningesema mia na ishirini kwa siku thelathini, basi, si mia tatu. Wakati wa giza ningekausha ile itakayozidi niiweke, ili wakati wa mbalamwezi lori lisirudi tupu. Wakikataa, waende."

Mama Mellen aliuchukua ule mkataba, akaitazama sahihi, akauchana katikati. Kisha akaelekeza mlango kwa kidole, maana yule mtahiniwa alikuwa bado anangoja swali lake.

Saa kumi majina mawili yalisomwa pale varandani. La kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja wa Mfangano, na la pili Jedidah hakulisikia, kwa kuwa masikio yalikuwa yameziba kwa hofu. Maroa ndiye aliyemtikisa bega. "Ni wewe! Wewe wa likizo!" Naye hakuwa amepata kitu, lakini alimshika mkono akaupiga piga kwa furaha ya kweli, na kwa hilo tumsamehe mizaha yake yote.

Jedidah alimkuta Linet sokoni akikung'uta gunia tupu. Hakuhitaji kusema, uso ulisema. Linet alipiga kigelegele, wanawake wa samaki wakakiitikia bila kujua sababu, mtoto mgongoni akaamka analia. "Yaye! Meneja wetu! Unaanza lini?"

"Jumatatu. Wanataka tuanze na hesabu tulizokosa. Sirudi Remba, Linet. Utaniletea sanduku langu." Na pale pale Jedidah akalia, machozi ya miezi mitatu. "Nimeponyoka. Willis hanipati tena."

"Hakupati," Linet alisema, akacheka, akaanza kulikunja gunia. Alilikunja mara mbili, kisha mara nne, mpaka likawa dogo la kukaa kwapani. Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. "Basi omena ya Jumatatu nitachukua kwa nani?"

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Jedidah alimshika mkono, asiuachie. Jibu lilikuwa jina lile lile alilotoka kulitaja.