Tarakimu ya Pili

Wambeti alikuwa na ugonjwa mmoja wa kikazi: hakuamini tarakimu ya pili baada ya nukta. Miaka kumi na minne alipima udongo katika maabara ndogo mjini Meru, na udongo ulimfundisha kwamba tarakimu za huko mbali ni kelele tu. Mkulima anayeleta udongo wa kahawa katika mfuko wa unga hataki porojo. Anataka aambiwe kama asidi imezidi na chokaa aweke magunia mangapi, arudi zake Nkubu.

Ndiyo sababu hata maji ya bahari ya rafiki yake Khadra aliyapima kiudongo. Walilala naye kitanda kimoja cha ghorofa shuleni Embu. Kisha Khadra akaolewa pwani, na huko yeye na wanawake tisa wakaanza kufuga chaza kwenye vichanja katika hori la bahari. Kila mwaka alijaza chupa, akatia tone la dawa ili vijidudu visiyabadilishe maji, akampa kaka yake Liban, aliyeshusha miraa Mombasa na kurudi Maua na lori tupu kupitia Meru. Wambeti alipima kwa ajili ya urafiki, na kila mara akajibu: kipimo cha asidi ni nane nukta moja, maji yako hayajabadilika, lala usingizi.

Alhamisi asubuhi, chupa mpya ikiwa mezani, simu ilileta sauti ya Khadra.

"Shoga, watoto wa chaza wamekufa tena, msimu wa tatu huu. Maganda yao ukiyagusa yavunjika kama kaukau za viazi. Maji umesema mazima, basi ni mtu. Zamu ya kuosha vichanja ni ya Amran. Leo saa nne twamtoa kikundini."

Amran alikuwa binamu yake Khadra, mjane, aliyehama Maua na watoto watatu kwa sababu Khadra mwenyewe alimwita. Akitolewa, hana pa kushika.

Wambeti akapima. Mashine ikasoma 8.02. Akadhani imeharibika, akaiosha, akaisawazisha, akarudia. 8.02. Akatoa daftari la penseli, lile analoandika kabla ya kukadiria hadi tarakimu moja baada ya nukta. 8.13. 8.11. 8.12. 8.09. 8.07. 8.08. 8.06. 8.05. Zote alizipeleka pwani kwa jina moja: 8.1.

Na kipimo hicho kina hila: kikishuka hatua moja nzima, asidi imezidi mara kumi. Kwa shamba la kahawa tofauti ile ndogo si kitu. Kwa bahari, asidi ilikuwa imepanda zaidi ya robo. Hewa ya ukaa ya magari na viwanda, hata ya lori la Liban, bahari huivuta na kuigeuza asidi, na kiumbe mchanga anayejenga ganda hukosa cha kujengea. Haya Wambeti aliyasoma chuoni, akafaulu mtihani wake, akayasahau. Aibu ikamwasha masikio.

Akapiga simu.

"Khadra, weka spika. Wote wasikie."

"Kikao kishaanza, mwenzangu."

"Ndiyo maana. Amran hana makosa. Makosa ni yangu, nilikuwa nakadiria namba nikawaambia hakuna kitu. Siwezi kuapa ni maji peke yake, lakini yamekuwa yakiharibika tangu ile chupa ya kwanza."

Khadra akauliza kwa sauti ndogo, "Mkulima wako akiwa na asidi wamwambia atie chokaa. Sisi tutie magunia mangapi?"

"Hakuna gunia," Wambeti akasema. "Haitoki kwa hori lenu. Inatoka juu, hewani, kila mahali."

"Na tukihamisha vichanja?"

"Mtahamishia bahari ileile."

"Ya Rabi," mwanamke mmoja akamaka. "Itakoma lini?"

"Mimi sioni ikikoma, mama. Naona ikishuka tu."

Wambeti alingoja kumsikia Amran. Alitegemea kilio cha furaha, au matusi, maana ameponea chupuchupu. Amran akasema polepole, bila hasira yoyote:

"Afadhali ingekuwa mimi. Mimi mngenifukuza, yakaisha."