Fomu ya Mlima

Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Risper aliinua kifuniko cha friza ili apange sambusa mia tatu alizozikunja tangu alfajiri, akakuta mlima. Ulikuwa umechomoza kwenye barafu katikati ya kuku na mfuko wa bamia, mwamba mweusi wa kimo cha shubiri moja, una ncha kali na theluji upande mmoja. Upepo mwembamba ulikuwa ukivuma kutoka huko. Risper alihamisha bamia, akazipanga sambusa kuuzunguka mwamba, akafunga. Kazi ni kazi.

Friza ilikaa stoo, na stoo ndiyo iliyokuwa chumba chake katika nyumba ile ya Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh. Godoro lake lilikuwa kati ya friza na magunia ya mchele. Kufika Alhamisi vilele vilikuwa vinne na kuku hawakuwa na pa kukaa, kwa hiyo akamwambia madam.

"Ni barafu imezidi, Suzi," madam alisema, macho kwenye simu. "Kwangua."

Yeye hakuwa Suzi. Katika nyumba hiyo kila mfanyakazi aliitwa Suzi, kwa sababu wa kwanza, miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa Suzi kweli, na madam hakuona kwa nini ausumbue ulimi wake kila mkataba unapoisha. Risper alikuwa Suzi wa sita. Suzi wa tano alikuwa ameacha kitabu cha nyimbo za kanisani nyuma ya friza, na ndani ya jalada ameandika kwa kalamu ya bluu, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: *Mimi ni Velma Nanjala wa Bungoma.*

Risper alikwangua. Kisu kilipinda, akaleta kingine, nacho kikapinda. Ndipo baba alipoitwa.

Baba, yaani Abu Turki, mwenye nyumba na kafili wake, yaani mdhamini wa kibali chake, alikuwa mtumishi wa ofisi ya ramani, meza ya nchi za barafu. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwazia. Alileta rula na kipimo cha ofisi, akainamia friza saa nzima huku ndevu zikimganda. Kwa rula, kilele kikubwa kilikuwa shubiri moja. Kwa kipimo cha ofisi kilikuwa mita elfu mbili mia moja na arobaini. Abu Turki aliamini kipimo cha ofisi.

"Vilele hivi ni vya kule mwisho wa dunia," alimweleza Risper, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumweleza. "Mlima wote umefunikwa na barafu. Unachoona ni kichwa tu. Usiudharau, Suzi. Chini pale upo mzima."

"Naelewa, baba," Risper alisema, na alielewa kuliko mwalimu wake.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuvipa vilele majina. Ramani ilitaka jina liandikwe kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na herufi za Kirumi za Abu Turki zilikuwa zikianguka chali kama mende. Risper alikuwa amefundisha chekechea nyumbani Kenya miaka minne, herufi zake zilisimama wima. Basi yeye ndiye akawa mwandishi. Aliandika jina la kwanza kwenye kibendera cha karatasi, akakibandika kwenye kijiti cha meno, akakisimika juu ya kilele kikubwa. Lilikuwa jina la marehemu baba wa mkuu wa ofisi.

Asubuhi kibendera kilikutwa sakafuni, kimekunjwa mara nne vizuri sana.

Walisimika la pili, jina la babu yake madam. Nalo likakutwa sakafuni, limekunjwa mara nne. La tatu lilikuwa Kilele cha Fahari, na hilo lilikunjwa mara nane.

"Mlima unakataa," Abu Turki alisema wakati wa chakula cha mchana.

"Labda gundi," madam alisema, akaomba aongezewe salata.

Risper aliiongeza salata na akili yake ikiwa Bungoma. Kila Jumapili mchana mama yake Velma alimpigia simu, na kila Jumapili Risper hakuwa na jipya la kumwambia. Habari yenyewe aliijua kwa Protus, dereva wa lori wa kutoka Bungoma hiyohiyo, aliyebeba mizigo kati ya maghala ya Al-Sulay, hapo Riyadh, na Jeddah, na ndiye aliyempa mama huyo namba ya Risper. Velma alimaliza mkataba wake wa miaka miwili, akaomba kurudi nyumbani. Akaambiwa angoje mpaka apatikane Suzi mwingine. Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya sebuleni, droo ikiwa na kufuli. Alingoja miezi saba. Ijumaa moja alitoka na mfuko wa taka na hakurudi, na kabla jua halijatua Abu Turki alikuwa ameshamwandikisha kuwa mtoro. Velma alifika Jeddah, akaishi mtaa wa Karantina akifua nguo za watu, akaugua mapafu, akafa. Hospitali ilimpigia kafili wake. Kafili akajibu kwamba mtu huyo ametoroka, hana habari naye. Tangu hapo, miezi kumi, Velma alikuwa kwenye barafu yake mwenyewe, droo namba arobaini na moja ya chumba cha maiti, kwa kuwa hakuna wa kutia sahihi arudishwe kwao.

"Wazee wamesema tuzike mgomba," mama yake alikuwa amesema Jumapili iliyopita. Kwao, maiti asipopatikana, hukatwa shina la mgomba likazikwa kwa heshima zote, ili nyumba ipate kutulia. "Wamenipa mpaka mahindi yavunwe. Nimewaambia mgomba sikuuzaa mimi."

Kwa hiyo Abu Turki alipochoka na kusema, "Yalla, Suzi, andika jina lolote," Risper hakuuliza mara mbili. Aliandika VELMA, herufi tano zilizonyooka, akakisimika kibendera bila gundi.

Asubuhi kilikuwa wima. Barafu ilikuwa imekipanda kijiti mpaka shingoni. Madam alileta mashine ya kukaushia nywele, akakipuliza robo saa nzima. Mashine iliungua. Kibendera hakikutikisika.

"Velma ni nani?" Abu Turki aliuliza.

"Ni Suzi wa tano, baba."

Abu Turki alivua miwani ya kusomea, akavaa ya kuwazia. Tatizo lake lilikuwa fomu. Kilele kisicho na jina hakiingii kwenye ramani, na ramani ilikuwa inasubiriwa kwa maonyesho ya Jeddah baada ya Idi. Lakini ofisi yake haikuruhusu mlima kupewa jina la mtu aliye hai. Swali la saba liliuliza wazi: *Je, mwenye jina amefariki? Wapi? Lini?*

"Amefariki?" aliuliza taratibu, kalamu mkononi.

"Amefariki. Jeddah. Mwezi wa sita, tarehe kumi na nne."

"Una hakika? Ramani haivumilii uongo, Suzi."

"Nina hakika. Na wewe una hakika, baba. Wewe ndiwe uliyepigiwa simu."

Friza ilinguruma. Abu Turki aliivuta fomu, akaandika kwa mkono wake: *Amefariki, Jeddah,* na tarehe. Akatia sahihi, akagonga mhuri. Fomu ilikuwa na nakala tatu, na ile ya kijani kwa mujibu wa kanuni ni ya mwandishi wa jina. Kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alimpa Risper nakala yake.

"Basi utaenda kuifuta ile taarifa ya utoro," Risper alisema.

"Ile ni ofisi nyingine."

"Lakini mtu ni yuleyule."

"Wataniuliza pasipoti ilikuwaje ikabaki kwenye droo yangu," alisema, kwa uaminifu uleule aliojazia fomu. "Halas, yatosha, Suzi."

Risper alikasirika. Alikasirika mpaka chai aliyokuwa akiimimina ikajaa kikombe, ikajaa kisosi, ikateremka kwenye zulia, naye hakuacha kumimina mpaka birika likaisha.

Baada ya Idi friza ilipakiwa kwenye lori la Protus, ikafungiwa jenereta, ikasafirishwa Jeddah. Familia ilifuata kwa gari na Risper nyuma, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua namna ya kuifunika. Katika ukumbi wa maonyesho friza iliwekwa katikati, kifuniko wazi, na wageni wakapita mmojammoja wakiinama. Ukumbi mzima ulipata baridi. Watu walifunga vilemba vyao vizuri na kuendelea kula tende.

"Na huyu Velma?" mgeni mmoja mwenye daftari aliuliza. "Alikuwa mvumbuzi wa nchi za barafu?"

"Alikuwa msafiri," Abu Turki alisema.

Risper alikuwa amesimama hapo na sinia la kahawa. "Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya huyu baba," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, ambayo hufika mpaka dawati la nyuma. "Aliitwa Suzi na hakuwa Suzi, ni Velma Nanjala. Yuko hapa Jeddah, kwenye droo, mwezi wa kumi na moja sasa. Pasipoti yake iko Riyadh, nayo kwenye droo."

Mgeni aliandika yote daftarini, akauliza Nanjala huandikwaje, akashukuru, akaenda kuangalia ramani za jangwa.

Selipher, aliyekuwa akideki ukumbi huo kwa kibarua, alisimamisha deki yake. Yeye ndiye aliyekaa chumba kimoja na Velma huko Karantina, na ndiye aliyempeleka hospitali alipougua. Alimwendea Risper moja kwa moja.

"Hiyo karatasi ya kijani, Protus ameniambia iko na mhuri," alisema. "Si tuende sasa hivi? Hawa wataongea mpaka jioni."

"Na madam akiniuliza?"

"Mwambie umeenda choo. Choo cha Jeddah kiko mbali."

Walikwenda na Protus, watatu mbele ya lori, fomu ikiwa kwenye kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Karani wa hospitali alikuwa kijana mwenye adabu. Aliisoma fomu mstari kwa mstari, akakagua mhuri kwenye mwanga wa dirisha.

"Fomu hii imejazwa vizuri sana," alisema. "Ni nadra kuona swali la saba limejibiwa namna hii. Lakini ni ya mlima."

"Jina si ndilo hilo?" Protus aliuliza. "Tarehe si ndiyo hiyo? Sahihi ni ya kafili mwenyewe!"

"Ndiyo. Mlima nimeuelewa." Karani aliwageuzia kompyuta waone. "Ila mtu, hapa, bado ni mtoro. Mashine haimkubali mtoro kuwa amekufa mpaka kafili afute utoro wake. Kwa sasa bado anatoroka."

"Anatoroka akiwa droo namba arobaini na moja?" Selipher alisema.

"Naam," karani alisema kwa huruma ya kweli. "Mafi, hakuna njia nyingine."

Risper hakulia. Alimwomba kalamu nzito, akamwomba pia awape dakika moja kule ndani, na karani, ambaye hakuwa na kanuni ya kukataza hilo, aliwafungulia. Kwenye bango la droo palikuwa na namba tu. Risper aliandika chini yake, kwa herufi zilizosimama wima: VELMA NANJALA, BUNGOMA. MITA 2,140. Kisha walisimama watatu wakaimba ubeti mmoja kutoka kitabu chake, wala hawakuimba polepole, na Protus aliimba vibaya lakini kwa nguvu.

Friza ilirudishwa stoo, na ramani ikachapishwa mwezi uliofuata. Abu Turki aliitundika moja sebuleni, ikakaa juu kabisa ya droo yenye kufuli, na Kilele cha Velma kikiwa na alama ya pembetatu upande wa kusini. Kila Alhamisi Risper alipangusa ramani, kisha akapangusa droo. Madam alilalamika tu kwamba bamia hazina nafasi.

Jumapili alimweleza mama yake Velma yote, na mlima pia.

"Mlima upo kweli?" mama aliuliza.

"Upo, mama. Nimeuona kwa macho, na umewashinda kuubadilisha jina."

"Ukaidi huo ni wa baba yake. Lakini mlima hauzikwi, mwanangu. Mimi nataka mtoto. Mahindi tumeshavuna, na jana wamekuja na ule mgomba wao mpaka mlangoni."

"Ukafanyaje?"

"Nikaukatakata nikawapa ng'ombe."

Asubuhi ya Jumatatu kilichomoza kilele cha tano, kidogo, karibu na ukingo, upande wa godoro. Abu Turki alikuja na rula, na kipimo, na fomu mpya.

"Hiki tukiite nani?" aliuliza.

Risper alikuwa ameshakata kibendera. RISPER, kilisema. Alikisimika mwenyewe, kikasimama.

"Lakini wewe uko hai," Abu Turki alisema, akionyesha swali la saba. "Hairuhusiwi."

"Ndiyo," Risper alisema. "Andika hivyohivyo, kwamba niko hai."

Kutoka sebuleni, penye ramani na droo, madam aliita Suzi. Akaita tena. Alipoita mara ya tatu Risper aliinua kichwa juu ya friza, barafu kwenye nyusi.

"Suzi mafi!" alijibu, akaendelea kupanga kuku.