Kwaya Iliyodhani Imezeeka

Tadeo hakujua kusali kwa maneno. Hilo alilisema wazi hata mbele ya katekista, wala hakuona haya. Darasa la tano aliliacha katikati akaenda kukata mkonge pamoja na baba yake, na tangu hapo maneno mazuri aliwaachia wenye nayo. Akishika rozari anasinzia. Akiambiwa afunge mkutano wa jumuiya kwa sala, anasema, "Baba, tusaidie, amina," na watu wanabaki wamefumba macho wakidhani bado anavuta pumzi aanze.

Lakini mwambie aimbe. Hapo Tadeo alikuwa na mdomo mbele ya Mungu. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chao pale Kigombe, kanisa dogo la bati nyuma ya kambi ya zamani ya manamba, vibarua wa mkonge. Hakusomea kazi hiyo. Aliyekuwepo kabla yake alihamia mjini, Usagara, na hakupatikana mwingine wa kuwasimamia watu kumi na mmoja wasiosikilizana.

Sasa, mwaka huu mwezi wa tatu, binti yake Ritha alishikwa na uchungu wa kuzaa na mambo yakaenda vibaya. Wakamkimbiza hospitali mjini. Tadeo akakaa kwenye benchi nje ya wodi, amekumbatia kanga za binti yake na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeinywa. Wauguzi walipita mbio, hakuna aliyemtazama usoni, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. Akajaribu kusali, maneno hayakuja. Kuimba wodini nani atakuruhusu? Basi akaahidi. Akasema moyoni, "Mungu, nirudishie Ritha wangu akiwa mzima. Siku tutakayombatiza mtoto wake nitakuimbia wimbo wa shukrani mimi mwenyewe, beti zote, mbele ya watu."

Ritha akatoka mzima, na mtoto wa kiume mikononi, mwekundu kwa hasira, analia kama aliyenyang'anywa kitu.

Ahadi ni deni, nayo Tadeo aliwasimulia wanakwaya, na siku ya ubatizo ikapangwa. Padre angekuja kutoka Muheza Jumapili ya mwisho ya mwezi. Tatizo likawa moja tu, nalo Tadeo hakumwambia mtu. Sauti ya kuimbia hakuwa nayo tena.

Ilianza kumtoka polepole, kama miaka miwili nyuma. Wimbo wa shukrani wa pale kambini una mahali unapopanda, kwenye maneno "nitakaa kimya vipi." Zamani Tadeo alipanda pale kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake. Siku hizi akifika hapo koo linabana, sauti inakatika, anabaki ametoa macho. Mwanzoni alisema ni mafua. Akatafuna tangawizi, akalamba asali, akaacha maji ya baridi. Wapi! Na si yeye tu. Wanawake wa sauti ya kwanza walikuwa wakipiga kelele kama waliomwagiwa maji ya moto, wanaume wakaanza kunung'unika chini chini, na waumini kwenye mabenchi wakafunga midomo kabisa. Waliiangalia kwaya kama watu wanaoangalia mpira.

Tadeo aliwafokea. "Ugali mnakula, samaki mnakula, mkija hapa midomo imeshonwa! Mnamwimbia nani kwa kunong'ona?" Lakini ukali ule ulikuwa wa kufunika. Akirudi nyumbani alijua moyoni kwamba mwalimu akiishiwa, darasa nalo litaishiwa. Miaka hamsini na sita si mchezo. Aliamua kwamba baada ya ubatizo angeiacha kwaya. Ila wimbo wa ahadi ungeimbwa na nani?

Akamwendea Praxeda, mama mtu mzima wa sauti ya pili, anayeuza vitumbua njia panda.

"Mama Praxeda, Jumapili ya ubatizo ningependa wimbo wa shukrani uimbe wewe."

Praxeda hakuinua macho kwenye chuma cha vitumbua. "Aliyeahidi nani? Mimi au wewe?"

"Mimi."

"Basi kaimbe wewe. Mimi sikukaa kwenye lile benchi." Akageuza kitumbua. "Na usinisimamie juani, unawafukuza wateja."

Tadeo akaondoka.

Kesho yake alikuwa kazini, kwenye banda la brashi, ambako nyuzi za mkonge zilizokwisha kukauka husafishwa kwenye mashine kabla ya kufungwa robota. Vumbi lake ni jeupe, linakaa kwenye nyusi, na mashine ina ngurumo ya kumfanya mtu ajisahau. Tadeo akajisahau. Alikuwa anaimba. Mwenzake wa mashine ile ile, Badru, Mdigo wa pale pale Kigombe, mpiga dufu kwenye maulidi, akamgusa bega walipopumzika.

"Wimbo gani ule?"

"Wa shukrani. Wa kanisani. Najikumbusha tu, siuwezi tena."

"Huuwezi?" Badru akafuta vumbi usoni. "Umeuimba mpaka mwisho. Nimekusikia na mashine inanguruma."

"Hapa naimba ovyo ovyo tu. Kanisani ndiko nashindwa."

"Kanisani kuna mtu anakukaba koo?"

"Usifanye mzaha, Badru. Nimezeeka."

"Hilo sikatai, sura tunaiona. Lakini sikiliza, ndugu yangu. Nyumba yangu imepakana na kanisa lenu. Jumapili sina pa kukimbilia, nawasikia wote, nipende nisipende. Wimbo huu mkiuimba kule si huu. Kule mmeupeleka juu mnazini."

"Ni ule ule. Maneno yale yale."

"Maneno, sawa. Mahali pa kuanzia sipo. Sisi kwenye maulidi, mtu akianzia juu mno tunamkanyaga mguu, ashuke. Kwenu anayeanzisha nani?"

Tadeo akafikiri. "Kinanda."

"Basi kikanyageni mguu," Badru akasema, akaenda kunywa maji.

Tadeo alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku nzima iliyobaki alisimama kwenye mashine akijaribu kukumbuka. Ni kweli kwamba kabla ya kinanda, Praxeda ndiye aliyekuwa akianzisha, pale koo lake lilipopenda, na wengine wakimfuata. Kinanda kilipokuja wote walishukuru, tena wakakivalisha kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukiuliza swali.

Jumamosi, saa ya mazoezi, Noa alikuwa tayari ameketi. Noa ni fundi simu, ana kibanda chake barabarani, naye ndiye peke yake aliyejua kupiga kinanda. Alipokuwa ananyoosha mkono kuwasha, Tadeo akamzuia.

"Leo usiwashe kwanza."

"Umeme upo, Baba Ritha."

"Najua upo. Usiwashe. Mama Praxeda, tuanzishie wa shukrani, kama tulivyokuwa tunaimba makaburini."

"Nianzie wapi?"

"Popote koo lako linapotaka."

Praxeda akajikohoza, akarekebisha kilemba, akaanza. Alianzia chini, mahali pa mtu anayeongea na jirani. Sauti ya kwanza wakaingia bila kukunja sura. Wanaume wakaingia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu bati likatetemeka kwa sauti ya nne. Tadeo aliona ile sehemu ya kupanda inakuja, akakaza mwili kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Ikafika. Akapita. Hakuamini. Akageuka nyuma kama mtu aliyevuka mto akaona miguu mikavu.

"Tena," akasema. Wakaimba tena, akapita tena.

"Noa, sasa washa. Tupigie huo huo."

Noa akawasha, akabonyeza kitufe namba tano, palipo mdundo wao wa siku zote, akapiga. Kinanda kikaita juu kabisa, kama mtu aliyesimama kwenye paa anawaita walioko uani.

"Nyinyi mmeshuka," Noa akasema.

"Sisi tumeshuka au wewe umepanda?"

"Kinanda hakipandi, Baba Ritha! Mimi napiga pale pale ninapopiga siku zote. Njooni muangalie vidole!"

Wakaja wote wakaangalia vidole. Vidole vilikuwa pale pale. Noa mwenyewe, akitaka kuwashinda vizuri, akafuta kioo cha kinanda kwa pindo la shati ili waone. Akainama, akatazama tena.

"Kuna nne hapa," akasema taratibu.

"Nne ya nini?"

"Nimekipandisha hatua nne. Si leo. Krismasi ya mwaka juzi, Blessing alipokuja kutuongoza." Blessing ni mchumba wake, binti wa Chumbageni mwenye sauti nyembamba kama filimbi. Siku zile alikuja likizo, sasa yuko chuo Dodoma. "Nilikipandisha kimfae yeye, nikaihifadhi hiyo nne pamoja na mdundo, kwenye kitufe hiki. Kila nikiwasha nabonyeza namba tano kwa ajili ya ngoma. Kumbe na ile nne inakuja nayo."

Praxeda akaweka mikono kiunoni.

"Yaani Noa, miaka miwili sote hapa tunaimba koo la mchumba wako?"

Kicheko kilichotoka kilimfikia Badru uani kwake, maana alionekana kwenye dirisha la kanisa anachungulia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na walipokuwa wanafuta machozi, mambo yakaanza kutoka. Praxeda akasema yeye alidhani ni lile gego aliloling'oa. Mzee mmoja wa sauti ya nne alikuwa ameacha ugoro, kwa mateso, akidhani ndio uliomharibu. Mama wa sauti ya kwanza alikuwa amekunywa dawa ya mizizi, chungu, mwezi mzima. Kila mtu alijiona amezeeka peke yake, na kila mtu aliona aibu kusema.

"Mficha uchi hazai," Praxeda akasema, "na padre asinisikie."

"Mimi," Tadeo akasema, "nilidhani Mungu amenifunga mdomo."

Hapo hawakucheka. Walimjua. Noa aliinuka kwenye stuli. "Baba Ritha, nisamehe. Nilikuwa nawaambia hamjui kufuata, kumbe..."

"Kaa chini. Mimi niliwaambia wameshiba ugali. Shusha hiyo nne tuimbe, giza linaingia."

Noa akaishusha. Ilikuwa kubonyeza tu, mara nne, mtoto angeweza.

Jumapili padre alifika na pikipiki yake, vumbi mpaka masikioni. Mtoto akabatizwa, akapinga kwa sauti kubwa. Baada ya komunyo Tadeo akasimama mbele, amevaa shati alilopigiwa pasi na mkewe mara mbili. Noa akampa sauti ya kuanzia. Akaimba ubeti wa kwanza peke yake, kama alivyoahidi. Ile sehemu ya kupanda akaifikia, akaikanyaga kidogo pembeni, lakini akafika.

Lakini kwenye kiitikio kukatokea jambo ambalo hakulipanga. Watu wa mabenchi, wale waliofunga midomo miaka miwili, walisikia wimbo uko chini wanapoweza kuufikia, wakaingia. Kwanza wanawake wa mbele, kisha wanaume wa nyuma wa mkonge, wenye sauti za kifuani. Hakuna aliyewaita. Tadeo akashtuka. Ahadi ilikuwa aimbe mwenyewe! Akainua mkono awanyamazishe, na Praxeda, aliyekuwa karibu yake, akaushika ule mkono akaushusha.

"Waache," akamnong'oneza. "Benchi ulikaa peke yako. Shukrani si yako peke yako."

Tadeo akatazama mabenchi. Akamwona Ritha kwenye safu ya pili, mtoto amelala begani, naye anaimba. Hakuwa mwimbaji Ritha, tangu utoto anakwenda kushoto wenzake wakienda kulia. Sasa hivi pia alikuwa kushoto. Alikuwa anaimba mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, mzima, anapumua kati ya mstari na mstari kama watu wote wanaopumua.

Zilikuwa zimebaki beti tatu. Tadeo aliziimba zote, bila haraka, na kila alipofika kwenye kiitikio aliwapisha waingie.