Melania Apika Mbao

Yasir alikuwa na miaka mitatu Guangzhou, Uchina, akiwatembeza wafanyabiashara wa nyumbani, na alidhani ameshaona kila aina ya mteja. Kisha, mwaka tisini na nane, akaja Melania, mama wa makamo kutoka Songea. Kwa siku mbili walimaliza kununua jinzi katika soko la Xintang. Siku ya tatu, badala ya kutaka kwenda mtaa wa maduka ya jumla wa Yide Lu kama wenzake, alifungua khanga, akatoa kipande cha mbao kilichooza, akakiweka mezani.

"Hii ni sakafu ya karavani langu. Nipeleke wanakouza mbao."

Karavani hilo, tela la kulala safarini, lilitengenezwa Ulaya miaka ya sitini. Mhandisi mmoja wa barabara alimwachia marehemu mumewe. Melania alilivuta kwa Land Rover toka mnada hadi mnada, akiuzia nguo humo ndani, mpaka mvua za elnino zilipoiozesha sakafu na mteja akatumbukia mguu hadi gotini.

"Lakini mama, kwenu si ndiko kwenye mbao?" Yasir aliuliza.

"Zipo, tena nzuri. Ila mninga ni mzito, mwanangu. Nikiweka mninga, gari halipandi mlima. Nataka plaiwudi nyepesi isiyoogopa maji, na kwenye kontena la jinzi nafasi ipo."

Walikwenda maduka ya mbao kando ya mto. Mwenye duka mmoja, Bibi Liang, alikuwa rika moja na Melania. Akawatolea ubao mwekundu unaong'aa kama kioo. Yasir akaupenda papo hapo.

"Chukua huu, mama. Na uchukue ule mnene, usihangaike tena."

Melania aliunyanyua ncha moja, akaugonga, akaunusa, akainama kutazama ukingo wake. "Unene ni mzigo tu. Nitachukua mwembamba, mihimili ya chini niisogeze karibukaribu. Ila huu naona umevaa tu. Muulize gundi inayoshika tabaka zake."

Bibi Liang akasema gundi ni nzuri sana.

"Kila muuzaji husifu chake. Mwambie anikatie vipande vya kila aina aliyonayo, na aniazime chungu."

"Chungu cha nini?"

"Nivipike."

Yasir aliona haya kutafsiri. Alirudia mara mbili, maana Bibi Liang alidhani Kichina chake kimeharibika. Alipoelewa, alicheka hadi akajishika kiuno. Hata hivyo akabandika chungu kwenye jiko la makaa nyuma ya duka.

Kipande cha chipbodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa, hakikuchukua muda kikawa uji. Alasiri Yasir alikwenda kuswali. Aliporudi aliwakuta wale wanawake wawili wamekaa kwenye vigoda, bila mkalimani, wakiopoa mbao kwa vijiti vya kulia. Ule mwekundu ulikuwa umefumuka, tabaka moja moja.

Bibi Liang hakucheka tena. Aliinuka, akaingia stoo, akatoka na ubao wa kahawia uliofifia, umejaa vumbi.

"Anasema baba yake alikuwa fundi wa mashua za mtoni," Yasir alitafsiri. "Wao walitumia huu. Wateja hawautaki kwa sababu hauna sura."

Akatia kipande cha ubao huo chunguni mwenyewe. Wakangoja mpaka majirani wakaanza kufunga milango. Kilipotoka, Melania alichukua kisu akajaribu kukifumua. Kisu kiliteleza. Akajaribu tena pembeni, kikateleza.

"Huu," alisema. Bibi Liang hakuhitaji kutafsiriwa. Alileta kopo la mafuta wanayopaka mashua, akaonyesha ukingo wa ubao kwa kidole.

"Anasema maji huanza kula hapa."

"Mwambie hilo nalijua. Mafuta yake ndiyo siyajui, anifundishe."

Basi Bibi Liang akamshika mkono Melania, wakapaka pamoja kwa kitambaa, polepole. Yasir alisimama akiwatazama, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani mteja asiondoke upesi.

Mbao zilitoka bandari ya Huangpu zimelazwa chini ya marobota ya jinzi. Mwezi wa nne tangu mbao ziondoke, Melania akampigia Yasir simu. Sakafu walikuwa wameitengeneza, yeye na fundi wa kwao, Japheth, na katika mnada wa kwanza wanawake tisa walisimama ndani kwa pamoja wakigombea jinzi. Sakafu haikulia hata kidogo.

Siku hiyohiyo Yasir alipeleka habari kule dukani. Bibi Liang aliwaita majirani zake waje kusikia, kisha akamtaka aanze kusimulia upya.